Mable Wakesho na Dawa Yenye Namba

Mchungaji na wazee wa kanisa, mheshimiwa na msafara wako, wakwe zetu mlioteremka kutoka Chawia tangu alfajiri, majirani wa Rukanga, wenzake wa posta, na nyinyi wote mliosimama juani kwa sababu viti vya hemani vimejaa watu wa mheshimiwa, jina langu ni Lynn Mkamburi, mimi ndiye kitinda mimba wa mama huyu aliyelala mbele yetu, na familia imenituma nisome maisha yake. Mikononi mna karatasi ya rangi yenye picha yake ya mwaka wa 2015, ukurasa wa pili una historia iliyoandikwa na kamati, na najua wengi wenu mmeshaimaliza mkingojea tuanze. Ninayosoma mimi ni nyingine. Ile ya kamati inasema alifariki "baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi, licha ya matibabu yaliyoshindwa", na katika maneno hayo machache kuna uongo mara tatu, na ule wa tatu unaweza kumuua mtu mwingine ambaye ameketi hapa hapa, mstari wa mbele, karibu na baba yangu.

Mtu huyo ni mama mdogo Janet wa Miasenyi, mdogo wake marehemu, na wala simwaniki, ni yeye mwenyewe Jumapili iliyopita, tarehe 14, mbele ya watu wote wa matanga, aliyeweka kikombe chini akasema, "Mimi ile dawa nimeacha. Mmeona vile imemfanya dada. Tarehe ishirini na tatu wasinitafute." Watu wakatikisa vichwa kwamba ndiyo, mmoja akasema afadhali ufe na nywele zako, na mimi nilikuwa nimesimama pale na birika la chai mkononi nikanyamaza kama mtu aliyelipwa anyamaze. Leo ni Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2025. Jumanne ni tarehe 23. Kwa hivyo mtanivumilia, nitasoma pole pole, na nitasoma yote.

Marehemu Mable Wakesho alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Chawia, mtoto wa tatu kati ya watoto sita, katika nyumba ya mawe iliyo juu ya shamba la mboga, na alibatizwa mwezi wa Juni mwaka huo huo. Alianza shule mwaka wa 1974, akajua kusoma haraka kuliko wenzake, na alipofika miaka tisa tayari alikuwa anaitwa nyumba hadi nyumba kusomea akina mama barua walizotumiwa na waume zao waliokuwa vibaruani Mombasa. Wanaomkumbuka toka utotoni watakwambia alikuwa na sheria moja, barua ya mtu haisomwi mpaka mwenyewe aketi, mlango ufungwe, na hata mama mkwe akiomba adokezwe kidogo tu, kale katoto kalikuwa kanamjibu, "Jina lililoandikwa si lako, nyanya." Alichapwa kwa adabu hiyo, lakini hakubadilika.

Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1980, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1984 akiwa na divisheni ya pili, alitaka sana kuwa muuguzi, nafasi ikakosekana, na mwaka wa 1986 akaenda Nairobi kwa kozi ya miezi sita ya ukarani wa posta. Tarehe 2 Februari 1987, siku ya Jumatatu, aliingia kazini katika posta ya Voi, na hapo alikaa miaka ishirini na tisa, hadi tarehe 30 Juni 2016, akipanga barua, akipiga mihuri, na kwa muda mrefu zaidi akiwa kwenye kaunta ya rejista, yaani zile barua na vifurushi vinavyopewa namba, vinavyoandikwa kitabuni, na ambavyo havifunguliwi na mtu yeyote njiani mpaka vimfikie mwenyewe atie sahihi. Vijana mnaodhani posta ni kijumba cha kulipia bili, eleweni kwamba mama huyu kitabu kile alikiheshimu karibu sawa na Biblia. Alikuwa akisema, na wenzake waliokaa pale nyuma ni mashahidi, "Kitu kikishapewa namba kimeshatumwa, kikishatumwa kitafika, na kisipofika kuna mtu wa kuulizwa." Mwaka wa 1994 kifurushi cha mtu wa Miasenyi kilipotea, kikazungukia Taveta, kikaenda hadi Kisumu, kikarudi baada ya miezi kumi na mmoja, na kila Ijumaa katika miezi hiyo kumi na mmoja mama alimwangalia yule mzee machoni akamwambia, "Haijafika, lakini inakuja." Ikaja. Naomba mshike hapo, kwa sababu ukitaka kujua kilichomuua mama yangu usianzie hospitali, anzia kwenye kaunta hiyo.

Alifunga ndoa tarehe 11 Agosti 1990 na Bwana Obadiah Mwanyasi wa hapa Rukanga, fundi wa pampu za maji, ambaye alikuwa ameagiza vipuri kwa posta, vikafika, akaarifiwa, akaja, akaongea, akaenda zake akaviacha kaunta, akarudi wiki iliyofuata akaviacha tena, mpaka marehemu akamuuliza mbele ya foleni nzima, "Wewe kaka, umekuja kuchukua vipuri ama karani?" Mungu aliwajalia watoto watatu, Hillary aliyezaliwa mwaka wa 1991, Mark aliyezaliwa mwaka wa 1994, na mimi niliyezaliwa tarehe 5 Mei 1998. Hillary yuko Mombasa, Mark yuko hapa na Baba kwenye pampu, na mimi nina digrii ya kemia, second class upper, niliyovikwa joho Desemba 2022, na mpaka asubuhi ya leo sina kazi, na wale wote mlioniambia nilete CV bado mnazo, mheshimiwa peke yake ana nne.

Nataja digrii hiyo kwa sababu imo ndani ya kifo hiki. Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilifanya utafiti kuhusu chembe za kubebea dawa za saratani ya matiti, vifuko vidogo mno, ukivipanga mia nane hivi ndipo vinafikia upana wa unywele mmoja, na ndani ya kila kifuko unatia dawa mbili pamoja. Shida ya dawa za kawaida ni kwamba zikishaingia kwenye mshipa zinazunguka mwili mzima, zinapiga uvimbe, lakini pia zinapiga nywele, mdomo, tumbo, kucha, wakati mwingine moyo. Kifuko kinakaa kimefungwa katika damu, halafu kikifika kwenye uvimbe, ambako kuna uchachu kidogo kuliko sehemu nyingine za mwili, ule uchachu unakifungua na dawa zote mbili zinatoka pale pale. Vingine vinatengenezwa vifunguliwe na joto, vingine na vimeng'enya vya uvimbe wenyewe. Ni elimu nzuri, siikani. Tarehe 18 Agosti 2022 nilibandika bango langu katika kongamano la wanafunzi Nairobi, muhtasari wake ukachapishwa katika kijitabu, nikapewa namba, P-47, na nikamletea Mama nakala moja, akaifunika kwa plastiki kama cheti cha ndoa.

Sasa naingia kwenye ugonjwa, na ule uongo wa kwanza. Mama hakuugua kifua, kifua chake kilikuwa kizima, aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama mpaka Pasaka ya mwaka huu. Mama aliugua saratani ya titi, titi la kushoto, nimesema titi, kila mtu aliye hapa alinyonya, tusijifanye. Na haikuwa muda mfupi. Aligusa uvimbe akioga mwezi wa Aprili 2023, akakaa nao miezi mitano bila kumwambia mtu, na wa kwanza kuambiwa mwezi wa Septemba alikuwa huyu mama mdogo Janet, ambaye alifunga kibanda chake cha chapati pale barabarani Miasenyi, akamvuta mkono mpaka hospitali, na tunamshukuru, kwa sababu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa na akili kuliko sisi sote. Majibu ya kipimo yalitoka tarehe 6 Novemba 2023, daktari akatuambia ni hatua ya pili, uvimbe wa sentimita nne nukta nane, haujasambaa, unatibika. Neno hilo alilisema mara mbili. Dripu nane, moja kila baada ya siku ishirini na moja, siku ya Jumanne, nne za kwanza za dawa mbili kwa pamoja, moja ikiwa nyekundu kama juisi, kwa sababu seli ikiponyoka moja inakutana na ya pili, halafu nne za dawa nyingine, halafu upasuaji.

Dripu ya kwanza ilikuwa tarehe 28 Novemba 2023, ya pili tarehe 19 Desemba, na waliomwona Krismasi ile wanajua, nywele zilibaki kwenye mto, mdomo ulijaa vidonda hata uji ukawa moto wa jehanamu, kucha zikawa nyeusi. Tarehe 24 Desemba, mchana, tuliketi barazani wawili tu, Baba na Mark walikuwa kwenye pampu, akaniuliza, "Lynn, hii dawa haiwezi kwenda kwenye titi peke yake? Nywele zimeikosea nini?" Na mimi, ambaye tangu nimalize chuo hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza swali kuhusu nilichosoma, nilifurahi. Mama yangu anatema damu kwenye beseni na mimi nimefurahi, mnielewe vile nilivyo. Nikamweleza vifuko vyangu vyote, nikachora kwenye mchanga kwa kijiti, damu hii, uvimbe huu, kifuko hiki hapa, kimefungwa, kinapita, kinapita, kikifika kinafunguka. Akafuata mchoro kwa kidole.

"Hiyo ni rejista," akasema.

"Eeh, Mama, ni kama rejista."

"Hakuna mtu wa kuifungua njiani."

"Hakuna."

"Na ndiyo ile ya P-47?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa iko wapi?"

Na hapo, ndugu zangu, mtu mwenye second class upper alitakiwa kusema ukweli, kwamba mimi nilikuwa na chupa za maabara, si wagonjwa, kwamba vifuko vyangu vilifunguka ndani ya maji yenye asidi na havijawahi kuingia hata kwenye panya, kwamba duniani kuna dawa chache zilizofungwa kwenye mafuta ambazo watu wanatumia, lakini hizi zenye dawa mbili zinazongoja uchachu karibu zote bado ziko maabara, na chache zinazojaribiwa kwa watu hazijafika kwetu. Hayo yote niliyajua. Nilichosema ni, "Watu wanaishughulikia, Mama. Inakuja." Neno lile lile alilokuwa akimwambia mzee wa Miasenyi, na yeye alikuwa hasemi neno hilo bure.

Alienda dripu ya tatu tarehe 9 Januari 2024, wiki mbili baadaye daktari akapima, akakuta sentimita mbili nukta tisa. Kutoka nne nukta nane hadi mbili nukta tisa, kwa dripu tatu. Mama mdogo, sikiliza namba hizo, nitazirudia, nne nukta nane, mbili nukta tisa. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Hiyo karatasi ya kipimo ninayo hapa, imepigwa muhuri, atakayetaka kuiona nitakuwa pale kwenye tangi la maji baada ya mazishi.

Tarehe 30 Januari aliamka saa kumi na moja, akajifunga kitambaa chake cha kijani, akabeba kikoba cha hospitali, akaenda Voi. Tarehe 20 Februari vivyo hivyo. Tarehe 12 Machi, tarehe 2 Aprili. Jioni alikuwa anarudi, anakula vizuri, nywele zimeanza kuota, na sisi nyumba nzima tukawa tunamsifu Mungu kwamba mwili umezoea. Mchungaji, ulitoa ushuhuda juu yake kanisani, nilikuwepo, nilipiga makofi.

Tarehe 23 Aprili 2024, Jumanne, nilikuwa Voi kupeleka barua ya maombi ya kazi, nikaingia posta kama saa tano asubuhi, na mama yangu alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, kikoba cha hospitali mapajani, ametulia kabisa, anaongea na karani msichana kuhusu magoti.

"Mama, si leo ni dripu?"

"Ile niliacha."

"Uliacha lini?"

"Punguza sauti, hapa ni ofisi. Niliacha mwezi wa kwanza. Nangoja yako."

Sikuelewa mara moja, nasema ukweli, nilisimama pale na bahasha yangu nikiuliza yangu ipi, yangu ipi, mpaka akafungua kikoba akatoa kile kijitabu cha kongamano na plastiki yake, akaweka kidole kwenye P-47. Kila Jumanne ya dripu alikuwa anakuja kwenye posta aliyofanyia kazi, anauliza kama kuna kifurushi cha hospitali kutoka Nairobi kilichoingia kwa namba hiyo, wanamwambia hakuna, wakidhani ni mazoea ya mstaafu, naye anaketi mpaka gari la Maungu la saa tisa. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni namba ya bango. Ni namba ya msumari waliponing'iniza karatasi yangu. Hakuna dawa." Akaniangalia, na uso ule nitauona mpaka nami nilazwe kwenye sanduku. "Lakini Lynn, ina namba." Nikasema haikutumwa. "Ulisema inakuja." Nikasema nilikosea. Akafunga kikoba taratibu, akamuaga karani, akamwambia amsalimie mamake, tukatoka nje kwenye jua, na huko nje akasema jambo moja tu, "Basi twende hospitali, tusikae hapa."

Picha za tarehe 28 Mei 2024 zilionyesha imefika kwenye ini. Daktari aliuliza ni nini kilitokea kati ya Januari na Aprili, akauliza kwa upole, na Mama akajibu kabla sijafungua mdomo, "Nilikuwa nimechoka." Akaanzishiwa dawa nyingine tarehe 4 Juni, na dawa hizo, sikilizeni, zilimpa miezi kumi na tano zaidi, miezi ambayo alimwona mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Hillary, akitembea, akaimba Pasaka, akamfundisha Mark kupika wali usioungua. Lakini kuponywa hakukuwepo tena. Tukirudi nyumbani siku ile ya picha aliniapisha. Alisema, "Hawa watu wetu wakijua, watakutafuna mpaka uzeeke. Waambie dawa ilinishinda, basi." Nikaapa. Huo ndio mwanzo wa ule uongo wa tatu, haukuanzia kwa kamati, ulianzia kwa mama anayemfunika mtoto wake, na mtoto mtu mzima akakubali kufunikwa.

Ungekuwa uongo wa kuumiza mimi tu, ningeukalia. Lakini mwezi wa Juni mwaka huu mama mdogo Janet naye alipimwa, akakutwa, ugonjwa ule ule, upande ule ule, akaanza dripu tarehe 1 Julai, na marehemu, akiwa mgonjwa kuliko yeye, alienda naye akaketi kwenye kiti cha pembeni. Mama mdogo akamuuliza, na mimi nikisikia, "Dada, wewe ilikusaidia?" Mama akaniangalia mimi kwanza. Halafu akasema, "Mimi mwili wangu ulikataa, labda wako utakubali." Hivyo ndivyo alivyonichagua mimi mbele ya dada yake, na sidhani alijua ni hivyo, alikuwa amechoka na dripu inapiga kengele.

Marehemu alizidiwa tarehe 7 Septemba 2025, akalazwa siku hiyo hiyo, na akatuacha siku ya Alhamisi, tarehe 11 Septemba, saa tisa alasiri, Baba akiwa ameshika mguu wake na mimi nikiwa nimeshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na miezi sita kasoro siku tatu. Ameacha mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, na ndugu wanne, wa mwisho wao akiwa Janet.

Jana nilimwonyesha baba mkubwa Sylus, mwenyekiti wa kamati, nilichoandika. Alisoma amesimama. Akasema, "Mkamburi, soma ile iliyochapishwa. Hii ukiisoma, kuanzia kesho utaitwa aliyemuua mamake." Nikamwambia nitaitwa. Akasema, "Na Mlungu atakuuliza kiapo." Nikamwambia tutaongea naye. Akasema mimi mdomo wangu ndio unaninyima kazi, na huenda hapo ana ukweli, baba mkubwa, sikukujibu jana, nakujibu leo kwamba hapo una ukweli. Halafu nikampelekea Baba. Baba yangu alikuwa hajui, miaka miwili amelala kitanda kimoja na jambo hili bila kulijua. Alisikiliza yote, akaenda kwenye pampu iliyokuwa haijaharibika akaifungua, akaifunga, akarudi, mikono imejaa grisi, akasema neno moja, "Isome."

Kwa hivyo mama mdogo Janet, nakuambia wewe sasa, hawa wengine wasikilize kama wanataka. Dada yako hakuuawa na dawa. Dada yako aliacha dawa ikiwa imemfikisha katikati, akaketi posta kungoja kitu ambacho mwanawe alimdanganya kwamba kinakuja, na mwanawe huyo ndiye mimi. Kadi yako nimeiona, ulinionyesha mwenyewe, walikupima tarehe 2 Septemba baada ya dripu tatu, na siku hiyo hiyo ukawekewa ya nne, sentimita tatu nukta sita imekuwa moja nukta nane. Imebaki nusu. Nywele zako zimeenda, najua, na umesema chapati huwezi kukanda kwa sababu ya vidole, najua. Ile dawa yenye akili inayochagua mahali pa kufungukia itakuja siku moja, labda kwa mtoto wa Hillary, na mimi nikipata maabara nitaifanyia kazi mpaka nife, lakini Jumanne haitakuwepo. Jumanne kuna ya kawaida, isiyo na adabu, inayopiga kila kitu, na ndiyo inayopunguza uvimbe wako. Wanasema kuanzia ya tano dawa inabadilishwa, ile nyekundu umemaliza. Ukitaka kunichukia ni haki yako, mimi nisingekusamehe ungekuwa ni wewe, lakini nichukie ukiwa umekaa kwenye kile kiti. Gari nimeongea nalo, litakupitia Miasenyi saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa ndani yake, na sitakusemesha kama hutaki.

Na nyinyi wengine mliotikisa vichwa Jumapili, kama kuna mmoja atamfuata Jumatatu na chupa ya mizizi au na mafuta ya maombezi kumwambia asiende, ajue nitasoma jina lake kwenye mazishi yajayo, na nina sauti kama mnavyosikia.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya Jumanne, ambao walimtibu bila kumkaripia hata siku aliyorudi akiwa amechelewa kiasi kile, na hasa yule muuguzi aliyekuwa akimwimbia nyimbo za Kidawida wakati wa kutafuta mshipa. Tunawashukuru wenzake wa posta ya Voi, nyinyi hamna kosa lolote, mlimpa benchi na maji ya kunywa, hamkujua. Tunawashukuru majirani wa Rukanga mliokuja na sufuria, kuni na viti, kwaya ya akina mama, ndugu wa Chawia, kamati ya mazishi pamoja na mwenyekiti wake ambaye ameniacha nikasoma mpaka mwisho ingawa kipaza sauti kiko karibu naye, na mheshimiwa kwa kufika, nafasi yako ya kusema iko baada ya mchungaji na ni dakika tano.

Mama, nimevunja kiapo ukinisikia. Umefanya kazi yako, umelea, umengoja vya kutosha, pumzika kwa amani. Mama mdogo Janet, wewe bado. Jumanne, saa kumi na mbili.